Mashine ya Kuhesabia Chembe za Damu: Ifahamu Sehemu Inayopima Kimiminika

Miongoni mwa vifaa ambavyo vituo vya afya na hospitali za mashirika ya dini huviomba mara kwa mara ni mashine ya kuhesabia chembe za damu. Ndiyo inayotoa kile ambacho waganga wengi nchini hukiita picha kamili ya damu. Kamati za parokia huombwa kuchangia ununuzi wake, nao wahisani huombwa kuleta iliyo mpya au iliyokwisha kutumika kwingineko. Hata hivyo, ni wachache kati yetu wanaoombwa fedha ambao wamewahi kuelezwa mashine hii inafanya nini hasa baada ya mtaalamu wa maabara kuipa tone la damu.

Katika makala hii tutaeleza sehemu moja tu ya mashine hiyo, nayo ni ile inayopima kimiminika. Ni sehemu ndogo, mara nyingi mrija wa kioo usiozidi urefu wa kiganja, na haitajwi katika orodha za bei. Lakini ikikosea, namba zote za chembe zinazochapwa kwenye karatasi zinakosea pamoja nayo. Aidha, ndiyo sehemu inayoonyesha kwa urahisi kwa nini mashine ya msaada inaweza kufanya kazi miaka mingi mahali pamoja na kukaa chini ya kitambaa mahali pengine.

Kwa nini tuhesabu chembe?

Damu ina chembe za aina tatu kuu. Chembe nyekundu hubeba hewa ya oksijeni. Chembe nyeupe hupigana na magonjwa. Chembe sahani husaidia damu kuganda mtu anapoumia. Katika maikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, kuna chembe nyekundu zipatazo milioni 4 hadi 6, chembe nyeupe elfu kadhaa, na chembe sahani zaidi ya laki moja.

Mganga akijua namba hizo anaweza kufanya uamuzi. Tuchukue mfano wa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika nchi yetu. Watoto wengi wenye ugonjwa huo sasa hutumia dawa ya hydroxyurea, ambayo hupunguza maumivu na kulazwa hospitalini. Dawa hiyo inaweza pia kushusha mno chembe nyeupe na chembe sahani, kwa hiyo mtoto hupimwa damu kila baada ya muda. Chembe sahani zikishuka chini ya 80,000 kwa maikrolita, kwa kawaida dawa husimamishwa kwa muda mpaka zipande tena.

Sasa tuseme mtoto ana chembe sahani 100,000, lakini mashine inasoma pungufu kwa robo. Karatasi itaonyesha 75,000. Mganga atasimamisha dawa ambayo haikupaswa kusimamishwa, na mtoto anaweza kurudi wodini kwa maumivu. Mashine ikisoma zaidi ya kweli, hatari inakuwa upande wa pili: dawa inaendelea kutolewa wakati ilipaswa kusimama. Mama wa mtoto hawezi kujua kosa liko wapi, wala mganga hawezi kuliona kwa macho. Linaweza kugunduliwa maabara tu.

Kuhesabu bila kipimo hakuna maana

Mtu akikuambia kwamba amepata mawe 12 katika mchele, swali la kwanza utakalomuuliza ni: katika mchele kiasi gani? Mawe 12 katika kibaba ni mchele mbaya. Mawe 12 katika gunia ni mchele mzuri. Ndivyo ilivyo kwa chembe za damu. Hesabu ya chembe haina maana mpaka tujue zimehesabiwa katika kiasi gani cha damu.

Kabla ya mashine, kazi hii ilifanywa kwa darubini, na hata leo mtaalamu wa maabara hufundishwa njia hiyo. Hutumia kipande cha kioo kinachoitwa chumba cha Neubauer, chenye miraba iliyochorwa kwa ustadi. Kila mraba mkubwa una upana wa milimita 1 na urefu wa milimita 1, na kina cha kimiminika chini ya kifuniko ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo kila mraba hubeba maikrolita 0.1 kamili. Ili kuhesabu chembe nyeupe, mtaalamu huzimua damu mara 20, kisha huhesabu miraba minne, yaani maikrolita 0.4. Akipata chembe 120, hugawanya kwa 0.4 na kupata 300, kisha huzidisha kwa 20 na kupata chembe 6,000 kwa maikrolita.

Tunaona basi kwamba kuna mambo matatu: hesabu ya chembe, kiasi cha kimiminika kilichohesabiwa, na kiwango cha kuzimuliwa kwa damu. Moja likikosewa, jibu lote limekosewa. Mashine haikubadili kanuni hii. Imeongeza kasi tu, na imetupatia chembe nyingi zaidi za kuhesabu, jambo linalopunguza makosa ya kubahatisha.

Mlango wa zizi

Mfugaji anayetaka kujua idadi ya mbuzi wake hawahesabu wakiwa wametawanyika malishoni. Huwapitisha kwenye mlango mwembamba wa zizi, mmoja mmoja. Mashine nyingi za kuhesabu chembe zimejengwa juu ya wazo kama hilo.

Aliyelileta wazo hilo katika maabara ni Wallace Coulter, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Arkansas. Alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1953. Ndani ya mashine kuna kitundu chembamba sana, chenye upana wa maikromita zipatazo 50 hadi 100 kutegemea aina ya mashine. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, kwa hiyo hupita bila shida. Damu huzimuliwa kwanza kwa maji maalumu yenye chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri. Upande huu wa kitundu kuna elektrodi moja na upande wa pili kuna nyingine, na umeme mdogo hupita kati yake kwa njia ya kitundu.

Chembe ya damu haipitishi umeme vizuri kama maji ya chumvi. Kila chembe inapopita kitunduni huziba njia ya umeme kwa muda mfupi mno, na mashine huhisi mshtuko mmoja. Mshtuko mmoja ni chembe moja. Chembe kubwa huleta mshtuko mkubwa, na chembe ndogo huleta mshtuko mdogo. Hivyo mashine huweza kutenganisha chembe sahani, ambazo ni ndogo, na chembe nyekundu, ambazo ni kubwa kuliko hizo. Kwa chembe nyeupe, sehemu nyingine ya damu huchanganywa na dawa inayopasua chembe nyekundu, ili zibaki nyeupe peke yake za kuhesabiwa.

Wakati mwingine mbuzi wawili hupita mlangoni kwa pamoja na kuonekana kama mmoja. Chembe nazo hufanya hivyo. Ndiyo maana damu huzimuliwa sana, chembe nyekundu mara makumi ya maelfu, na programu ya mashine hufanya masahihisho kwa zile zilizopita mbili mbili.

Mpaka hapa tumeshajua namna ya kuhesabu. Lakini swali la mchele bado lipo: ni kiasi gani cha kimiminika kimepita katika kitundu?

Kipimo cha zebaki

Jibu la kwanza lililotumika kwa miaka mingi lilikuwa la zebaki. Wallace Coulter alifanya kazi pamoja na mdogo wake Joseph, na mwaka 1959 walipata hataza ya kifaa cha kupima kimiminika. Mashine za mwanzo zilikuwa na mrija wa kioo uliopinda, wenye zebaki ndani. Zebaki ni metali iliyo katika hali ya kimiminika, na hupitisha umeme. Katika ukuta wa mrija kulikuwa na ncha za waya zilizopenya kioo.

Mtaalamu alifungua vali ili pampu ivute zebaki na kuiondoa mahali pake pa kawaida. Alipoifunga vali, zebaki ilianza kurudi kwa uzito wake yenyewe, na katika kurudi iliuvuta mchanganyiko wa damu upite kwenye kitundu. Zebaki ilipogusa ncha ya kwanza ya waya, umeme uliunganika na hesabu ikaanza. Ilipogusa ncha ya pili, hesabu ikakoma. Kati ya ncha hizo mbili kulikuwa na ujazo unaojulikana, mathalani mililita 0.5.

Tufanye hesabu kidogo. Damu imezimuliwa mara 50,000, na mililita 0.5 ni sawa na maikrolita 500. Mashine imehesabu chembe nyekundu 50,000. Tukigawanya 50,000 kwa 500 tunapata chembe 100 katika kila maikrolita ya mchanganyiko. Tukizidisha kwa 50,000 tunapata chembe 5,000,000 kwa maikrolita ya damu, ambayo ni hesabu ya mtu mwenye afya. Lakini kama kwa hitilafu ni maikrolita 400 tu zilizopita badala ya 500, chembe zitakazohesabiwa ni 40,000. Mashine haijui hilo. Itaendelea kugawanya kwa 500, na itachapa 4,000,000. Mtu yuleyule na damu ileile, lakini amepoteza chembe milioni moja kwenye karatasi.

Kipimo cha zebaki kilikuwa sahihi, lakini kina ubaya wake. Mrija ukivunjika, zebaki humwagika na mvuke wake ni sumu kwa wanaofanya kazi chumbani humo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa nchini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na dunia inaendelea kuiondoa zebaki katika vifaa vingi. Kwa hiyo mhisani akipendekeza kutuletea mashine ya kale yenye zebaki, tumshukuru kwa moyo wake na tuikatae.

Mrija wenye macho mawili

Katika mashine nyingi za baadaye zilizo ndogo na za bei nafuu, zebaki imeondolewa na mahali pake pamewekwa mrija wa kioo ulionyooka, uliosimama wima, pamoja na vitambuzi viwili vya mwanga. Kimoja kiko juu na kingine kiko chini. Kila kitambuzi kina taa ndogo upande mmoja wa mrija na jicho la kupokea mwanga upande wa pili.

Mrija ukiwa na kimiminika, mwanga hupita kwa namna moja. Ukiwa na hewa, mwanga hupinda kwa namna nyingine, na jicho hutambua tofauti hiyo papo hapo. Anayetazama kijiti kupitia glasi ya maji ataona kwamba kijiti hubadilika sura palipo na maji na pasipo na maji. Ni jambo hilohilo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza mrija hujazwa kimiminika. Kisha hewa kidogo huingizwa sehemu ya juu, ili pawepo mpaka ulio wazi kati ya hewa na kimiminika. Mlango wa hewa hufungwa. Pampu ya ombwe huanza kuvuta kutoka chini ya mrija. Kwa kuwa njia nyingine zote zimefungwa, kitu pekee kinachoweza kuingia kujaza nafasi ni mchanganyiko wa damu unaopita katika kitundu. Hivyo ule mpaka wa hewa hushuka kwa kadiri ileile ya mchanganyiko unaopita kitunduni.

Mpaka unapofika kwenye jicho la juu, mashine huanza kuhesabu mishtuko. Unapofika kwenye jicho la chini, mashine huacha. Ujazo kati ya macho mawili hauongezeki wala haupungui, kwa kuwa ni kioo kilichokatwa kiwandani kwa kipimo. Hicho ndicho kibaba cha mashine.

Faida kubwa ya mpango huu ni kwamba hautegemei sana nguvu ya pampu. Pampu ikichoka kidogo, au mashine ikipelekwa katika nyanda za juu ambako kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, mpaka utashuka polepole zaidi, lakini ujazo utakaopita ni uleule. Zipo mashine nyingine ambazo hazina mrija huu. Hizo huvuta kwa nguvu inayolindwa isibadilike na kuhesabu kwa sekunde zilizopangwa, au hutumia bomba la sindano linalosukumwa na mota. Nazo ni nzuri zikitunzwa, lakini katika zile zinazohesabu kwa muda, mabadiliko yoyote ya nguvu ya kuvuta hubadilisha jibu moja kwa moja.

Saa inayolinda kipimo

Mashine yenye mrija hufanya jambo moja zaidi. Hupima muda ambao mpaka umetumia kutoka jicho la juu hadi la chini. Muda huo hautumiki kupata hesabu ya chembe; ni mlinzi. Tuseme kwamba mashine ikiwa safi hutumia sekunde 12. Mtaalamu anayeijua mashine yake huiangalia namba hiyo kila siku.

Muda ukirefuka sana, maana yake kwa kawaida ni kwamba kitundu kimeanza kuziba. Inaweza kuwa donge dogo la damu iliyoganda, vumbi, au mabaki ya protini yaliyokaukia hapo. Kitundu kilichoziba nusu huleta pia kosa la pili: njia ya umeme imekuwa nyembamba, hivyo kila chembe huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Muda ukifupika sana, kuna hewa mahali isipotakiwa. Pengine viputo vimeingia kwa sababu chupa ya maji ya kuzimulia imekwisha. Pengine mpira mmoja umepasuka au umelegea kati ya kitundu na mrija, na hewa inapenya. Hili ndilo kosa la hatari zaidi, kwa sababu mpaka hushuka haraka kwa kuvutwa hewa, huku mchanganyiko wa damu uliopita kitunduni ni kidogo kuliko mashine inavyodhani. Chembe zote zitasomwa pungufu.

Mashine hutoa onyo katika hali hizi, ama la kuziba ama la viputo. Onyo hilo si ubovu wa mashine. Ubovu mkubwa ni kulizoea onyo, kuendelea kubonyeza kitufe na kuchapa majibu kwa sababu foleni ni ndefu.

Njia nyingine ya kugundua kosa

Mungu amewapa wataalamu wetu akili, na wanayo njia rahisi ya kukagua. Himoglobini, yaani ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, haipimwi kwa kuhesabu chembe. Chembe nyekundu hupasuliwa, kisha mwanga hupitishwa katika kimiminika na kupima wekundu wake. Kipimo hicho hakipitii katika mrija wenye macho mawili. Kwa hiyo mrija ukikosea, himoglobini inaweza kubaki sahihi.

Kwa mtu ambaye chembe zake nyekundu ni za ukubwa wa kawaida, idadi ya chembe kwa mamilioni ikizidishwa mara tatu hukaribia himoglobini kwa gramu. Chembe milioni 5 huenda na himoglobini ya takriban 15. Mtaalamu akiona wagonjwa wengi asubuhi moja wana himoglobini 15 na chembe milioni 4 tu, ana sababu ya kusimama na kukagua mashine. Kanuni hii haifai kwa kila mgonjwa, kwa mfano mwenye upungufu wa madini ya chuma ambaye chembe zake ni ndogo. Lakini wagonjwa kumi mfululizo wakipotoka upande uleule, tatizo haliko kwa wagonjwa.

Zaidi ya hapo, maabara inayojali hufanya mambo mawili kila asubuhi kabla ya kupokea mgonjwa wa kwanza. Hupitisha maji ya kuzimulia peke yake, ambayo yanapaswa kutoa hesabu iliyo karibu na sifuri. Kisha hupitisha damu ya udhibiti, ambayo ni damu iliyotengenezwa kiwandani na idadi ya chembe zake inajulikana. Jibu likitoka nje ya mipaka iliyoandikwa, majibu ya wagonjwa hayatolewi mpaka sababu ipatikane.

Haya yanahusu nini kamati na wahisani?

Ndugu wanakamati, inawezekana mkauliza kama mambo ya mirija na vitambuzi si ya wataalamu pekee. Ni kweli matengenezo ni ya wataalamu. Lakini fedha za kuyawezesha hupitia mikononi mwetu, na mara nyingi hapo ndipo mambo hukwama.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Ilibainika kwamba asilimia 38.3 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Sababu zilizotajwa ni pamoja na upungufu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa, na miundombinu duni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa vya afya mwaka 2000, na mwingine mwaka 2011. Shauri kuu katika miongozo hiyo ni kwamba msaada uanze na mahitaji ya anayepokea, na usipokewe kifaa ambacho hakiwezi kuendeshwa na kutunzwa pale kinapokwenda.

Kwa mashine ya kuhesabu chembe, maana yake ni hii. Mashine haili damu peke yake. Hutumia maji ya kuzimulia kwa makumi ya lita, dawa ya kupasua chembe, na dawa ya kusafishia. Mashine nyingine hukubali dawa za kiwanda chake tu, na zina kadi au namba maalumu ya kuzuia dawa za kiwanda kingine. Maji ya kuzimulia yakikosekana, kishawishi ni kutumia maji mengine ya chumvi yaliyotengenezwa hapohapo. Yakiwa na vumbi, mashine itahesabu vumbi kama chembe sahani. Yakiwa na chumvi pungufu, chembe zitavimba. Na chumvi ikikaukia ndani ya mrija wa kioo, macho yale mawili hayataona tena mpaka wa hewa.

Vilevile mashine iliyokaa bila kutumiwa huharibika haraka kuliko inayotumiwa kila siku. Kimiminika hukauka katika kitundu na katika vali, na mipira hukakamaa. Ndiyo maana mashine ya msaada iliyokaa bandarini au stoo kwa miezi mingi inahitaji fundi kabla haijawashwa.

Kabla kamati haijapitisha ununuzi au kupokea msaada, tunapendekeza maswali yafuatayo yaulizwe na majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu za kikao:

1. Je, dawa za mashine hii zinauzwa hapa nchini, na zinagharimu kiasi gani kwa kila mgonjwa? Nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu?

2. Je, kuna fundi wa vifaa tiba anayeijua aina hii, na vipuri vyake vinapatikana? Waulize hasa juu ya mipira, vali, pampu na mrija wa kipimo.

3. Je, umeme wa kituo unafaa? Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na sisi tuna volti 230. Umeme ukikatika katikati ya hesabu, je, kuna betri ya kuilinda?

4. Je, chumba kina joto linaloruhusiwa, mara nyingi kati ya nyuzi 15 na 30, na kinaweza kufungwa vumbi lisiingie?

5. Je, bajeti ina fungu la damu ya udhibiti? Damu hiyo huharibika baada ya muda, hivyo hununuliwa mara kwa mara.

6. Je, nani amefundishwa kuitumia, na akihamishwa nani atachukua nafasi yake?

7. Je, kibali kimeombwa? Vifaa tiba vinavyoingia nchini, hata vile vya msaada, viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019.

Kwa wahisani wetu wa ndani na wa nje, ombi ni dogo lakini lina uzito. Mnapochangia mashine, changieni pia matumizi na matunzo yake kwa miaka michache ya mwanzo. Pengine picha ya katoni za maji ya kuzimulia haipendezi kama picha ya mashine mpya yenye utepe. Hata hivyo, katoni hizo ndizo zinazoiwezesha mashine kusema kweli.

Na kwa kamati zenye mashine tayari, jambo moja linawezekana wiki hii bila gharama yoyote. Mtembeleeni mtaalamu wa maabara wa kituo chenu, mwombeni awaonyeshe daftari la kila siku la damu ya udhibiti, na muulizeni mashine yake hutumia sekunde ngapi kuhesabu. Akiwajibu mara moja na daftari likawa limejazwa mpaka leo asubuhi, mshukuruni, kwa maana analinda uhai wa watu wengi. Daftari likiwa tupu, msimlaumu kwanza. Muulizeni mara ya mwisho kupewa damu ya udhibiti ilikuwa lini, kisha liwekeni suala hilo katika ajenda ya kikao kijacho.